Mkaa Ulioiva Hauna Moshi

Hapana, si njaa. Nani kakwambia njaa? Hayo ni maneno ya bombani. Watu wakisubiri ndoo ijae, midomo nayo lazima ipate kazi. Nyumba ile walikuwa wanakula. Si sana, lakini sufuria haikulala kifudifudi. Wala si mimba, kama walivyosema wengine, wala si kurogwa. Mama Pacha alianguka kwa ajili ya pasi. Sasa kaa vizuri nikueleze, maana ukiyaruka ya mwanzo hutayaelewa ya mwisho.

Pale ni kwa dobi. Vyumba viwili na uani. Chumba cha nyuma wanalala wote: dobi, mkewe, mabinti zao pacha wa miaka minane, na mama mzazi wa dobi, yeye yuko nyuma ya pazia. Cha mbele ndicho cha kazi. Kuna meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, kamba tatu kutoka ukuta hadi ukuta, na pasi mbili za mkaa, zile nzito zenye kifuniko, moja inafanya kazi, nyingine inangoja. Dobi kazi yake kufua, uani, kwenye mabeseni. Mkewe kazi yake kunyoosha, ndani. Waligawana hivyo tangu waoane na hakuna aliyeona ubaya, maana hata jogoo na kuku hawafanyi kazi moja.

Na usidhani walikuwa watu wa ovyo. Hapo ndipo watu wanapomkosea yule bwana. Mteja wake mkubwa ni kituo cha afya, sare nyeupe za wauguzi, na nguo nyeupe ina kisirani. Moshi kidogo tu imegeuka manjano. Chembe moja ya jivu imeshapata doa. Kwa hiyo mkaa wanauwashia nje, wanaupepea mpaka unakuwa mwekundu wote, hauna hata uzi wa moshi, ndipo unaingia ndani. Ukishaingia, mlango unafungwa, dirisha linafungwa, na tambara linasukumwa chini ya mlango ili upepo usirushe jivu. Alifundishwa hivyo na baba yake, naye alikuwa dobi. "Mkaa mbichi ndo adui," alikuwa anasema. "Mkaa ulioiva hauna moshi."

Pasi ya umeme wanayo, iko juu ya kabati. Lakini umeme wenyewe ni wa kununua kidogo kidogo, na pasi ile inaumeza kama ng'ombe aliyetoka juani. Sare kumi tu, taa zimezimika. Mkaa wa pesa ileile unanyoosha arobaini. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Tabu ilikuwa kichwa cha Mama Pacha. Kilikuwa kinamuuma. Kinaanza saa tatu asubuhi kama kengele ya shule, mpaka mchana kimempasua, tumbo nalo linamchafuka. Akimeza vidonge vya dukani kinapungua kidogo, kinarudi. Na mama mkwe, mwenye ulimi wa wembe, hakumpa nafasi.

"Kichwa, kila siku kichwa. Hicho kichwa chako kinalipiwa?"

"Kinaniuma kweli, mama."

"Na changu hakiumi? Tofauti ni kwamba mimi sikitangazi. Halafu niambie, kwa nini Jumapili hakiumi?"

Kweli, Jumapili hakikuuma.

"Kichwa gani kinachojua kalenda?" bibi akasema, na dobi, akikamua shuka uani, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Lakini mkewe alimsikia, na tangu siku hiyo akaacha kusema. Aliniambia baadaye kwamba alifika mahali akaamini mwenyewe: labda ni uvivu tu, umenikaa kichwani.

* * *

Sasa kuna binti mmoja wa afya, anazunguka nyumba kwa nyumba na tableti kifuani kama mtoto mchanga, akikuuliza umri wako na choo chako. Watu wakamwita Dada Tableti. Aliitisha mkutano, akinamama waje wafundishwe mambo ya moto na hewa majumbani. Mama Pacha akaenda, akakaa nyuma, kichwa kinagonga. Picha zikapita kwenye tableti, ile iko mbele huko, ndogo kama kitabu, watu arobaini wananyoosha shingo. Mwisho kila mmoja akaweka sahihi, akapewa kiboksi cheupe cha plastiki, ukubwa wa sabuni ya kipande, chenye taa ya kijani. Na karatasi ya maelezo. Karatasi ile iliandikwa kwa lugha saba, ya kwetu haikuwamo.

"Kinafanya nini?" dobi akauliza.

"Kinalia kukiwa na hewa mbaya."

"Hewa mbaya ipi?"

Mama Pacha akafikiri. "Alisema haionekani. Na hainuki."

"Haionekani, hainuki," dobi akasema. "Hata mchawi ana harufu yake."

Wakakitundika juu ya meza ya kunyooshea. Kesho yake, pasi haijamaliza sare ya tano, kikalia. Na sauti yake si ya mchezo, inakata sikio kama mbu aliyekunywa soda. Mteja aliyekuja kuchukua suruali akauliza, "Dobi, umefuga kuku wa plastiki?" Wakafungua mlango, kikanyamaza. Wakafunga, baada ya muda kikalia tena. Jivu likaingia, sare mbili zikapata madoa, zikarudi kufuliwa upya. Siku ya tatu ikawa hivyohivyo.

Dobi si mjinga, akasema atakipima. Akakichukua kiboksi mpaka uani, pale mama yake anapopikia kwa kuni, na kuni zenyewe zilikuwa mbichi, moshi umesimama kama nguzo. Akakinyooshea katikati ya moshi huku machozi yanamtoka. Akahesabu mpaka mia tatu. Kimya. Taa ya kijani inamtazama tu.

"Umeona?" akamwambia mkewe, akikohoa. "Penye moshi kinanyamaza, pasipo moshi kinapiga kelele. Wametugawia kidude kibovu."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi ningesema vilevile. Akakitundika nje barazani, juu ya pipa la maji, na huko kikatulia kama mgeni aliyeshiba.

* * *

Ikaja wiki ya mvua. Mvua ya kukaa, ile isiyo na haraka, na nguo hazikauki hata uzipulizie. Jumatano mchana akaja matroni wa kituo cha afya, akasimama mlangoni na mwavuli, hakuingia.

"Dobi, kesho saa nne tuna wageni wakubwa. Sare thelathini na sita, zinyooke. Leo saa kumi na moja jioni natuma mtu."

"Matroni, mvua hii..."

"Mvua inanyesha kwa madobi wote. Ukishindwa niambie sasa hivi, nimpe mwingine."

"Sijashindwa," dobi akasema, akatazama viatu vyake.

Basi wakaingiza majiko mawili ya mkaa ndani, chini ya kamba, nguo zikauke. Ukiongeza pasi mbili, ni moto wa sehemu nne, chumba kimefungwa, tambara chini ya mlango. Kulikuwa na joto zuri, Mama Pacha alisema, joto la kubembeleza. Saa tisa mkaa ukapungua, dobi akajifunika mfuko wa plastiki kichwani akaenda kununua mwingine. Pacha walirudi kutoka shule wameloa, bibi akawazuia wasiingie chumba cha kazi na matope yao, akawaweka naye jikoni, uani.

Saa tisa na nusu hivi bibi akapita dirishani. Akachungulia kwenye kioo. Akamwona mkwewe ameinama, shavu juu ya meza, mkono umening'inia.

"Haya," akasema. "Amelala. Kazi ya watu imesimama, yeye amelala." Akarudi jikoni kugeuza maharage.

Hakupita muda, Dada Tableti akabisha uani, maji yanamchuruzika, amekuja kuzungukia nyumba alizogawa vile vidude. Akakiona barazani.

"Bibi, shikamoo. Mbona kimewekwa huku nje?"

"Marahaba. Kinapiga kelele."

"Mama Pacha yuko wapi?"

"Yumo ndani amelala. Mwache, mvivu yule, akiamka..."

"Ndani wapi? Kwenye mkaa?"

Hakungoja jibu. Bibi anasema hajawahi kuona mtu mwenye tableti akikimbia. Akakirusha kile kitableti chake kwenye matope, akausukuma mlango kwa bega, akaziba pua kwa ushungi kana kwamba ushungi unasaidia, akapiga kelele, "Fungua dirisha, bibi! Vunja!" Bibi akavunja kioo kwa mwiko. Pasi ilikuwa imesimama juu ya sare, imeitoboa mpaka blanketini. Wakamkokota Mama Pacha miguu inaburuzika, mpaka barazani, mvuani. Yule binti akakitungua kiboksi, na kilipofika kizingitini mkononi mwake kikaanza kulia, na safari hii hakuna aliyekitukana.

Dobi akatokea na kiroba cha mkaa begani. Akamwona mkewe chini. Kiroba kikaanguka, mkaa ukamwagika kwenye maji.

* * *

Walimpeleka kituo cha afya kwa mkokoteni wa nguo. Dobi anasukuma, Dada Tableti ameshika kichwa cha mgonjwa, bibi anafuata na pacha mkono huu na huu, na Mama Pacha amelazwa juu ya mafurushi ya sare zilizokwisha kunyooshwa na kupakiwa, maana hakukuwa na muda wa kuyashusha. Watu wamejikinga mvua vibarazani wanatazama. Mmoja akauliza, "Dobi, leo unapeleka na mke akafuliwe?" Halafu alipoona uso wake akanyamaza.

Mlinzi wa getini akasema mikokoteni haiingii. Ikaingia. Dada Tableti akakimbia ndani kuita watu, dobi akabaki dirishani na karani.

"Kisa chake?" karani akauliza bila kuinua uso.

"Pasi."

"Kaungua?"

"Hapana."

"Umeme?"

"Hapana. Ni ya mkaa. Kalala."

"Mzee, siwezi kuandika kalala."

Kwenye benchi wawili watatu wakacheka. Dobi akasimama pale na kofia yake ya mfuko wa plastiki, mpaka nyuma yake matroni akasema, "Andika sumu ya mkaa, na uandike upesi."

Wakamwekea Mama Pacha mpira wa hewa puani. Matroni mwenyewe alishika mkono wake akihesabu mapigo. Baadaye akatoka nje, akauona mkokoteni.

"Hizo ni zetu?"

"Ndiyo, matroni. Zimeloa. Na moja imeungua, nitailipa. Samahani sana."

Matroni akamtazama. "Unaniomba samahani ya nguo?" Akashika kola ya sare aliyovaa, nyeupe, imenyooka kama karatasi, akaiachia.

Walikaa kwenye veranda mpaka giza likaanza kuingia. Dada Tableti akaja na chai, akakaa chini karibu na dobi, si kwenye kiti.

"Nilikipima," dobi akasema. "Nilikiweka kwenye moshi wenyewe. Hakikulia."

"Ulikipimia wapi, kaka?"

"Uani."

"Uani upepo unaibeba. Hewa hii si moshi, kaka. Mkaa ukiwa mwekundu ndiyo unaitoa, tena sana, na ukiufungia ndani inajaa kama maji kwenye ndoo. Wewe unafua nje, hujawahi kuumwa. Yeye anafanya kazi ndani."

"Na Jumapili hatunyooshi," dobi akasema polepole.

"Eh?"

"Basi tu." Akaweka kikombe chini. "Mbona hukutwambia hivyo?"

"Nilisema. Nilisema haraka. Nilikuwa na nyumba arobaini za kumaliza, na picha ndogo." Akafuta matope kwenye tableti yake kwa kiganja. Kioo kilikuwa kimepasuka. "Nilitakiwa nije nimwone anavyofanya kazi. Nilikuja leo."

Bibi alikuwa amekaa upande wa pili, pacha wamemlalia mapajani. Sasa akauliza, "Binti, mtu aliyeingiwa na hewa hiyo, anaonekana kama amelala?"

"Ndiyo, bibi."

"Usingizi wa kawaida? Wa kuchoka?"

"Wa kawaida kabisa. Ndo ubaya wake."

"Na mlango ukifunguliwa mapema?"

"Wengi wanapona. Kama leo, umeona mwenyewe."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Dobi akadhani mama yake anawaza habari za mkwewe. Mimi pia ningedhani hivyo.

* * *

Mama Pacha alirudi Ijumaa mchana, kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Wageni wakubwa walikuwa wamekuja wakaondoka. Wauguzi waliwapokea na sare zenye mikunjo na hakuna aliyekufa. Matroni alisema sare za kituo zikauke kwenye kamba na zikunjwe kwa mkono, basi. Lakini mashati ya watu wa ofisini lazima yanyooke, na dobi alikuwa ameitoa meza nje barazani, chini ya ukingo wa bati, ananyoosha mwenyewe. Jivu linaruka. Kila shati la tatu linarudi kwenye beseni. Wateja wawili walishachukua nguo zao mbichi wakaenda kwingine, mmoja akisema, "Dobi gani ananyooshea barabarani, nguo zangu zinaonwa na kila mtu." Dobi akamfungia furushi vizuri, akamshukuru.

Saa kumi na mbili wakatandika mkeka chumba cha mbele. Kilikuwa kikubwa bila meza, kinatoa mwangwi. Dirisha lililovunjika lilikuwa wazi, na ubaridi wa mvua ulikuwa unaingia. Sufuria ya maharage katikati, wali, sahani. Dobi akakaa, pacha wakakaa, Mama Pacha akaegemea ukuta na khanga mabegani. Bibi alibaki mlangoni, amesimama, anatazama mahali ilipokuwa meza.

"Mama, njoo tule," dobi akasema.

"Kuleni."

"Mama, kinapoa."

"Baba yako alikuwa anasimama pale," bibi akasema. "Upande ule wa ukuta."

"Najua, mama."

"Hujui. Ulikuwa mdogo. Mlikuwa mnacheza mpira na wenzio hapo uani, kelele tupu. Mimi nikaingia nikamkuta kainamia meza. Nikasema mume wangu kachoka, kaamka alfajiri. Nikamtoa pasi mkononi, asije akaunguza shuka za watu." Akaegemea mwimo wa mlango. "Shuka nikazitoa, unasikia? Nikazikunja. Yeye nikamwacha. Nikafunga mlango polepole, kelele zenu zisimwamshe. Na tambara nikalirudisha mahali pake."

Pacha walikuwa wanatazamana.

"Wakasema moyo," bibi akasema. "Na mimi nikasema moyo. Miaka yote hii nasema moyo. Na juzi nimechungulia dirisha hilohilo, nikamwona huyu, nikasema mvivu, nikaenda zangu kugeuza maharage."

Dobi ni mtu wa mikono, maneno si kazi yake. Akamtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye mwenye jibu, yeye aliyeitwa mvivu miaka yote ile. Mama Pacha aliniambia alitafuta neno la kumwambia mama mkwe wake akaona yote ni madogo. Alitafuta hata hasira, nayo akaikosa, alikuwa amechoka mno.

"Mama," akasema mwishowe, "mimi siwezi kuinuka kukuletea. Miguu bado haina nguvu. Njoo wewe."

Bibi akaingia, akachukua jagi la maji na bakuli la kunawia, akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama, acha, wewe kwanza..."

"Leta mikono."

Akamnawisha, mkono mmoja kisha wa pili, polepole, kama anavyonawishwa mtoto au mgonjwa. Akawanawisha pacha, akamnawisha mwanawe, akanawa mwenyewe. Akasogeza bakuli pembeni, akakaa kwenye mkeka, goti lake likigusana na la Mama Pacha. Dobi akapakua. Wakala.